Jina la Biashara na Cheti Chake: Usajili wa Biashara Ndogo Nyamira

Biashara ndogo nchini Kenya husajiliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, shirika la serikali lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuwekwa chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Shirika hili hutunza madaftari kadhaa. Lipo la majina ya biashara, lipo la kampuni, na lipo la mali inayohamishika ambayo mwenyewe ameiweka dhamana ya mkopo. Zamani kazi hiyo ilifanywa na Msajili Mkuu katika jumba la Sheria House jijini Nairobi, na mtu wa Ekerenyo au Magombo aliyetaka cheti alipanda basi la usiku au akamlipa wakili ampelekee makaratasi. Leo ombi lote hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ulioanza mwaka 2014. Asiye na kompyuta huenda kwenye saiba, au katika kituo cha Huduma mjini Nyamira, ambako huduma nyingine kadhaa za serikali hutolewa chini ya paa moja.

Daftari la majina ya biashara ndilo linalomhusu zaidi mfanyabiashara wa kawaida. Sheria yake ni ya mwaka 1951, wakati wa ukoloni, na ilifuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1916. Waingereza walitunga yao wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, umma ulipotaka kujua ni nani hasa aliyejificha nyuma ya majina ya maduka na makampuni, hasa wageni kutoka nchi za adui. Uingereza yenyewe ililivunja daftari hilo kwa sheria ya mwaka 1981, lakini Kenya imeendelea nalo, na shabaha yake ni ileile: anayefanya biashara kwa jina lisilo lake aseme yeye ni nani na anapatikana wapi, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma. Mteja aliyeacha arubuni ya kabati kwa fundi mjini Keroka, kisha akakuta mlango una kufuli na simu haipokelewi, hawezi kulishtaki bango lililo juu ya mlango. Anahitaji jina la mtu, na daftari ndilo linalompa.

Ndiyo maana sheria haimlazimishi kila mtu kusajili. Fundi cherehani wa Kebirigo anayefanya kazi kwa jina lake halisi, bila kuongeza neno lolote, hana jina la biashara la kusajili, maana tayari anajulikana. Wajibu huanza anapopaka rangi ubao wenye jina lingine, liwe la mtoto wake, la kijiji au la matumaini yake. Kijana anayeandika tovuti za wateja wa ng'ambo akiwa chumbani kwake Nyansiongo yuko katika hali hiyohiyo: akitoza kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake hana deni kwa daftari, ila akijiita studio au wakala, anapaswa kujisajili. Wengi hulipia cheti wakidhani bila hicho wanavunja sheria, na wengine hukaa miaka kumi na jina la kubuni wakidhani leseni ya kaunti inatosha. Pande zote mbili zimekosea.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mwombaji hufungua akaunti ya eCitizen kwa nambari ya kitambulisho, hupendekeza majina kadhaa kwa kufuata anavyoyapenda, kisha hungoja msajili aone kama lipo lisilofanana na lililokwisha kusajiliwa. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Maneno kama Baraka, Neema na Ebenezer, yakifuatwa na Enterprises au Agencies, yamechukuliwa zamani na watu wa kila pembe ya nchi. Jina linalotaja bidhaa na mahali, au neno la Ekegusii ambalo halijazoeleka Nairobi, hupita kwa urahisi zaidi. Maneno yanayoashiria serikali, chuo kikuu au benki huhitaji idhini ya pekee, na neno Limited ni la kampuni peke yake. Jina likikubaliwa hutengwa kwa siku 30, na katika muda huo mwombaji hutoa maelezo yaliyobaki: aina ya biashara, jengo na barabara ilipo, sanduku la posta, simu, PIN ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, na picha. Ada yote kwa jina la biashara ni takriban shilingi 1,000, nayo hulipwa kwa simu kupitia nambari 222222 inayotumika kwa huduma zote za eCitizen. Cheti hutumwa kwenye akaunti hiyohiyo, mwombaji akakipakua na kukichapisha mwenyewe.

Katika akaunti hiyo pana jambo dogo linalozaa hasara kubwa. Mteja wa saiba mara nyingi hafungui akaunti yake mwenyewe. Mhudumu, kwa kuokoa muda, huweka barua pepe yake na nenosiri analolijua yeye, humkabidhi mteja karatasi iliyochapishwa, na kazi ikaisha. Mwaka mmoja baadaye benki inataka nakala mpya, au mwenye duka anahama Miruka kwenda Ikonge na anatakiwa kubadilisha anwani, naye hawezi kuingia. Saiba imefungwa, mhudumu amekwenda Nairobi, na nambari ya simu iliyoandikwa kwenye mfumo ni ya mtu mwingine. Biashara ni yake kwa sheria, lakini ufunguo uko mfukoni mwa mgeni. Dawa ni kuhakikisha, kabla ya kulipa hata shilingi, kwamba barua pepe ni ya mwenye biashara, simu inayopokea nambari za siri ni yake, na nenosiri ameliandika yeye. Mzee asiyejua kuandika barua pepe anaweza kumwita mtoto wake amfungulie. Ni heri kungoja hadi Jumamosi mtoto arudi nyumbani kuliko kuanza na akaunti ya watu.

Cheti cha jina la biashara hakimtengi mwenye biashara na biashara yake. Kisheria hao ni kitu kimoja. Muuza pembejeo aliyechukua mbolea kwa mkopo akashindwa kulipa anaweza kudaiwa hadi kwenye ng'ombe wake na pikipiki yake, hata kama ankara iliandikwa jina la duka. Wawili au zaidi wakisajili jina pamoja wanakuwa washirika, na deni aliloingia mmoja katika kazi ya ushirika linaweza kumfikia mwenzake. Kwa hiyo ndugu wanaoanza pamoja wanahitaji makubaliano ya maandishi yaliyotiwa sahihi, yaseme nani ametoa nini na faida itagawanywaje. Daftari halitawaandikia hayo. Wala cheti hakilindi jina kama alama ya biashara. Ulinzi huo hupatikana kwa ombi jingine katika Taasisi ya Mali za Viwanda, KIPI. Mwenye kusaga na kufungasha unga wa wimbi kwa nembo yake afikirie hilo mapema, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, ambayo maduka makubwa huiulizia kwanza.

Kampuni ni jambo jingine, na watu wa Nyamira wana mfano wake karibu na nyumbani kuliko wanavyodhani. Viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo ni kampuni, na wenye hisa ni wakulima wenyewe wanaopeleka majani kwenye vituo vya kununulia. KTDA, iliyoanzishwa kama mamlaka ya serikali mwaka 1964 na kubinafsishwa mwaka 2000, huviendesha kwa niaba yao. Kiwanda kikikopa benki ili kununua mashine na mambo yakaenda mrama, bonasi inaweza kupungua hata kukosekana, lakini benki haiji bomani kwa mkulima kufungua ng'ombe. Mkopaji ni kampuni, na mwenye hisa hupoteza kile alichoweka humo tu. Msingi huo uliwekwa wazi na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1897, katika kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London aliyeigeuza karakana yake kuwa kampuni, na mahakama za Kenya huufuata mpaka leo.

Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 iliufungua mlango huo kwa mtu mmoja. Chini ya sheria ya zamani kampuni binafsi ilihitaji wanachama wawili, na wengi waliandika mke au ndugu kwa hisa moja ili kutimiza idadi. Sasa mtu mmoja anaweza kuwa mwenye hisa na mkurugenzi peke yake, bila katibu wa kampuni, mradi mtaji uliolipwa haujafika shilingi milioni 5. Ada ya usajili ni zaidi kidogo ya shilingi 10,000. Fomu ni nyingi kuliko za jina la biashara, nazo hutaka mgawanyo wa hisa, wakurugenzi, anwani ya ofisi na, tangu mwaka 2020, mmiliki wa kweli, yaani kila mtu ambaye mkononi mwake au kupitia wengine ana angalau asilimia 10 ya hisa. Kampuni ikishasajiliwa, hati inayoombwa kila mahali ni CR12, taarifa ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa kwa tarehe husika. Benki huitaka iwe mpya, na ofisi za ununuzi vilevile.

Kampuni huja na mzigo, na mzigo huo ndio usiosemwa na wanaowahimiza vijana wote wawe na Limited. Kila mwaka msajili hutaka taarifa ya mwaka, hata kama kampuni haikuuza chochote. KRA nayo hutaka ritani ya kampuni, na anayechelewa hutozwa angalau shilingi 20,000, wakati mtu binafsi aliyechelewesha yake hutozwa angalau 2,000. Kijana aliyesajili kampuni akitarajia zabuni, zabuni isije, akaisahau kampuni kwa miaka mitatu, huamka na deni linalozidi kile alichowahi kupata kwa jina hilo. Ulinzi wa mali pia una mipaka yake: benki ikitoa mkopo kwa kampuni changa, humtaka mkurugenzi atie sahihi ya udhamini binafsi, na hapo ng'ombe wamerudi mezani. Kwa kinyozi, fundi wa simu, mpiga picha wa harusi au mwenye kibanda cha mboga, jina la biashara linatosha kwa miaka mingi. Kampuni inafaa pale kazi inapobeba hatari kubwa, kama ujenzi au usafirishaji, au wanapoungana watu wasio wa ukoo mmoja na kila mmoja anataka fungu lake lijulikane.

Wengine hawahitaji lolote kati ya hayo. Kikundi cha akina mama wanaokuza miche ya parachichi au kufuga kuku husajiliwa na idara ya ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, nacho kinatakiwa kuwa na wanachama wasiopungua kumi. Cheti hicho ndicho kinachotumika kuomba mikopo ya Hazina ya Uwezo na ile ya wanawake. Wakulima wa kahawa na wenye ng'ombe wa maziwa wamezoea vyama vya ushirika, vyenye sheria na msajili wao. Kosa la kawaida ni kikundi kuanza kuuza kwa fedha nyingi, kununua gari, kuajiri watu, na bado kikabaki na cheti cha kikundi. Wanapogombana, hakuna hati inayosema gari ni la nani.

Baada ya cheti cha serikali kuu hufuata kibali cha kaunti, na hivi viwili visichanganywe. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa magavana na mabunge yao soko na leseni za biashara, kwa hiyo kusajiliwa Nairobi hakumruhusu mtu kufungua duka Nyamira bila kulipia kibali cha biashara cha kila mwaka. Kiasi hutegemea aina na ukubwa wa biashara, kwa mujibu wa sheria ya fedha inayopitishwa na bunge la kaunti. Mwenye hoteli huongezewa vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, na ukaguzi wa zimamoto. Umma una haki ya kusikizwa kabla ya viwango hivyo kupitishwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na wafanyabiashara wa Nyamira wanaolalamikia viwango wana nguvu hiyohiyo, ikiwa watahudhuria vikao vinapotangazwa. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, kati ya biashara ndogo na za wastani takriban milioni 7.4 nchini, zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Gharama ya vibali na safari za kuvifuatilia ni sehemu ya sababu, na si haki kuwaita wote hao wakwepaji.

Keroka huonyesha ugumu wa kibali kuliko mahali pengine popote Gusii. Mji huo, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, umekaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na kaunti hizo mbili zimevutana kwa miaka juu ya mpaka na juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Kwa mwenye duka swali ni la kila siku: anunue kibali cha upande gani, na atawajibu nini maafisa wa upande wa pili wakija? Kinga yake ya kwanza ni maandishi. Anwani aliyoijaza katika daftari la BRS, nambari ya ploti iliyo kwenye mkataba wa kodi ya chumba, na kibali chenyewe vitaje mahali pamoja, kaunti moja na wadi moja. Anayejaza Nyamira kwenye fomu moja na Kisii kwenye nyingine, kwa kuwa watu hutamka lolote kati ya hayo, hujinyima hoja ya kujitetea. Risiti zote zitunzwe. Anayetozwa mara mbili kwa chumba kimoja alalamike kwa maandishi katika ofisi zote mbili, akiambatisha nakala, kwa kuwa malalamiko ya mdomo sokoni hayaachi alama.

Ushuru una ngazi zake. Anayeuza kwa jumla ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, na ritani yake hupelekwa kila mwezi kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asilimia hiyo hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo muuza sukari mwenye faida nyembamba huumizwa zaidi kuliko kinyozi, na sheria ingefaa itazamwe upya hapo. Aliye chini ya milioni 1 haguswi na ushuru huo, lakini bado hutangaza mapato yake ya mwaka kabla ya Juni 30 kuisha. Aliyefika milioni 5 kwa bidhaa zinazotozwa ushuru wa ongezeko la thamani, VAT, hulazimika kujisajili kwa ushuru huo. Mtaalamu anayelipwa ada, mathalani mshauri au mkufunzi, yuko nje ya ushuru wa mauzo. Mteja wake wa humu nchini humkata asilimia 5 akimlipa shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, na fedha hizo huhesabiwa anapofanya ritani, mradi amedai cheti cha makato. Tangu mwaka 2024 mnunuzi hawezi kuhesabu gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA. Mwenye simu ya kawaida huweza kutoa ankara hiyo kwa kupiga *222#.

Faida ya yote hayo huonekana zaidi pale mnunuzi anapokuwa taasisi. Shule ya bweni inayotaka maharagwe, hospitali inayotaka maziwa na kiwanda cha chai kinachonunua kuni za mikaratusi huomba cheti cha usajili, PIN na cheti cha kutii ushuru kabla ya kumweka mtu kwenye orodha ya wauzaji. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango unaojulikana kama AGPO, na imezitaka kaunti zitenge asilimia 20 ya ununuzi wao kwa wakazi. Cheti cha AGPO hakilipiwi, kwa hiyo anayedai ada kwa ajili yake ni mlaghai. Jina la biashara linakubalika, si lazima kampuni, mradi umiliki wa kundi husika ni asilimia 70 au zaidi na uongozi wote umo mikononi mwake. Vijana huhesabiwa kuanzia miaka 18 hadi 35. Hatari iko kwenye malipo. Kaunti nyingi zimelimbikiza madeni ya wazabuni kwa miaka, na aliyekopa ili kupeleka mahindi shuleni anaweza kungoja malipo wakati riba inapanda. Anayeanza achukue zabuni ambayo ikichelewa kulipwa haitamfilisi.

Biashara ikifa, usajili haufi nayo. Mwenye jina la biashara hutoa taarifa ya kukoma kupitia akaunti ileile ya eCitizen. Mwenye kampuni huomba jina lifutwe, baada ya kulipa madeni na kupeleka taarifa za miaka iliyopita, na tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye dai ajitokeze. Msajili naye ana uwezo wa kuifuta kampuni anayoamini haifanyi kazi, na mali iliyobaki kwa jina lake, hata salio la benki, huwa ya serikali mpaka kampuni irejeshwe. Mwenye jina la biashara akifariki, mali na madeni ya duka huingia kwenye mirathi yake, na warithi hawawezi kuendelea kutumia cheti chake kana kwamba yu hai, ilhali hisa za kampuni hurithiwa na kampuni ikaendelea. Mwisho hufuata KRA: wajibu wa ushuru wa biashara uondolewe kwenye iTax, maana mfumo huendelea kuhesabu ritani zisizofika, na ofisi ya mapato ya kaunti iarifiwe kwa barua kwamba duka limefungwa, ili kibali cha mwaka unaofuata kisidaiwe.